Programu Itendayo Kazi Bila Kutazamwa: Hoja ya Kuifundisha Sekondari

Katika shule za sekondari zilizobahatika kuwa na kompyuta, somo la kuandika programu aghalabu hukoma mahali pamoja. Mwanafunzi huandika mistari yake, hubonyeza kitufe, na jawabu hutokea kwenye kioo. Mwalimu hulitazama jawabu, huliona ni sahihi, huweka alama ya vema, na darasa huendelea na zoezi lingine. Kwa mtu anayeanza kujifunza, utaratibu huo haustahili lawama. Hata hivyo, yeyote aliyepata kufanya kazi karibu na mashine za benki, za hospitali au za kampuni ya simu anajua kwamba sehemu kubwa ya kazi za kompyuta haifanywi hivyo. Hufanywa na programu zisizo na kioo, zisizo na kitufe, na zisizo na mtu wa kuzitazama.

Mtu anunuapo umeme wa LUKU kwa simu saa nane ya usiku, hakuna karani aliyekesha akimngoja. Zipo programu kadhaa, kila moja katika mashine yake, ambazo zimekuwa zikisubiri maombi tangu mashine hizo zilipowashwa. Moja hupokea taarifa ya malipo, nyingine hutengeneza zile tarakimu 20 za kuingizwa katika mita, na nyingine hutuma ujumbe kwa mteja. Ikianguka moja tu kati ya hizo, mteja hubaki gizani na huku fedha yake imekwisha kuondoka. Mwanafunzi aliyefundishwa kuandika programu ya kutazamwa tu amefundishwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuiacha programu ijitegemee, na kuweza kugundua imekosea wapi wakati hakuna aliyekuwapo kushuhudia. Nusu hiyo haina budi kuingizwa katika mafunzo ya sekondari, nayo yawezekana kufundishwa kwa vifaa vichache kuliko inavyodhaniwa.

Asili ya watumishi hawa

Programu za namna hii zilipata jina lao mwaka 1963 katika chuo cha MIT nchini Marekani. Wataalamu waliokuwa wakifanya kazi na Fernando Corbató katika Project MAC, kwenye kompyuta ya IBM 7094, walihitaji neno la kuitia programu inayoshughulika peke yake bila kuamriwa na mtumiaji yeyote. Wakaiita dimoni. Neno hilo walilitoa katika fizikia. Mwaka 1867 mwanasayansi wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alibuni kiumbe wa kufikirika akaaye kwenye kijilango baina ya vyumba viwili vya gesi, akiruhusu molekuli zenye kasi zipite upande huu na za polepole zipite upande ule. Maxwell mwenyewe hakumpa kiumbe huyo jina la pepo. Aliyempa ni William Thomson, mwaka 1874. Yafaa mwalimu alieleze jambo hili mapema, maana mwanafunzi akutanapo na neno hilo kitabuni huweza kudhani pana mambo ya mashetani. Hakuna. Ni mtumishi tu, asiyechoka wala kuonekana.

Jambo la kukumbukwa ni kazi aliyopewa mtumishi huyo wa kwanza. Ilikuwa ni kunakili mafaili ya watumiaji kwenye utepe wa sumaku, ili yasipotee mashine ikiharibika. Kazi hiyo ya kutunza nakala ingali mikononi mwa watumishi hao hata leo, na itaonekana mbele jinsi ilivyoweza kuharibika bila mtu kujua.

Mfumo endeshi wa Unix, ulioanzishwa katika maabara za Bell mwaka 1969, uliirithi desturi hiyo. Katika toleo lake la saba, lililotoka mwaka 1979, ilikuwamo programu iitwayo cron, ambayo kazi yake ni kutazama saa na kuziamsha programu nyingine wakati wake ukifika. Mfumo wa Linux, alioanza kuuandika Linus Torvalds mwaka 1991, ukafuata njia iyo hiyo. Leo hii Linux ndiyo iendeshayo seva nyingi za dunia, na pia zile kompyuta ndogo za bei nafuu ambazo shule huweza kuzipata.

Msimamizi namba moja

Kompyuta ya Linux iwashwapo, kiini cha mfumo huamka kwanza, kisha huanzisha programu moja tu ambayo hupewa namba 1. Programu hiyo ndiyo msimamizi wa nyingine zote. Huziita zamu kwa zamu, huangalia ipi imesimama na ipi imeanguka, na kazi iliyofiwa na mzazi wake, yaani ile ambayo programu iliyoianzisha imekwisha kufa, hulelewa naye kama yatima. Zamani kila huduma ilihitaji kuandikiwa skripti yake ya kuianzisha na kuisimamisha, na mara nyingi skripti hizo zilikuwa ndefu na hazikufanana.

Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walitoa msimamizi mpya aitwaye systemd. Fedora 15 ilimtumia kama msimamizi wake wa kawaida mwaka 2011. Debian 8 na Ubuntu 15.04 zikafuata mwaka 2015. Si wote walioridhika. Baadhi ya watu wa Debian waliona msimamizi huyo amejitwalia kazi nyingi mno, wakajitenga na kutangaza mfumo wao wa Devuan mwaka 2014. Mwalimu wa sekondari hana haja ya kuamua ugomvi huo. Kilicho muhimu kwake ni kwamba sasa mwanafunzi huweza kuigeuza skripti yake kuwa huduma ya mfumo kwa faili fupi la mistari isiyozidi kumi. Faili hilo hujibu maswali manne: programu ipi iendeshwe, iendeshwe kwa jina la nani, ianze baada ya nini, na ikianguka kifanyike nini. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuyajibu.

Kilichofaulu mezani hukwama kazini

Ichukuliwe kwamba wanafunzi wa shule fulani wameunganisha kipimamvua cha elektroniki na kompyuta ndogo. Wameandika skripti ya kusoma kiasi cha mvua kila siku saa tatu asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya hewa nchini husoma vipimamvua vyao, na kukiandika katika faili. Wameijaribu mezani mara kumi, na mara zote imefaulu. Wakaifanya huduma, wakaenda likizo. Wakirudi, faili ni tupu. Skripti haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni mahali ilipofanyia kazi, na hilo ndilo somo lenyewe.

Kwanza, mtu aingiapo katika kompyuta kwa jina lake, mfumo humwandalia mazingira: humpa orodha ya mahali pa kutafutia programu, lugha yake, na mapendeleo yake. Huduma haipewi maandalizi hayo. Cron, kwa kawaida, huitafutia programu katika mahali pawili tu, /usr/bin na /bin. Kifaa kilichowekwa kwingineko hakionekani, ingawa mezani kilionekana siku zote.

Pili, skripti iliyoandikwa kufungua faili liitwalo mvua.csv haikusema faili hilo liko wapi. Mezani ilidhaniwa kuwa liko katika jalada alimokuwamo mwanafunzi. Huduma ya systemd huanzia kwenye shina la mfumo, nako hakuna mvua.csv. Dawa ni kuandika anwani kamili ya faili, kuanzia shina hadi jina lake.

Tatu, huduma huweza kuendeshwa kwa jina jingine, ambalo halina ruhusa ya kuandika katika jalada la mwanafunzi wala ya kukigusa kifaa kilichounganishwa. Hapa pana kishawishi kikubwa, nacho ni kuipa huduma mamlaka yote ya mkuu wa mfumo ili makelele yaishe. Ni sawa na kumkabidhi mfagizi funguo za ofisi ya mhasibu kwa sababu alikuta mlango mmoja umefungwa. Huduma ipewe ruhusa ile inayoihitaji, isizidi.

Nne, huduma haina kioo wala kibodi. Skripti inayosimama ili kuuliza "Je, uendelee?" haitajibiwa na mtu. Maneno inayotoa nayo huelekezwa kwingine, na baadhi ya lugha, Python ikiwamo, zikiona kwamba hakuna kioo huyalimbikiza kwanza na kuyatoa kwa mkupuo. Mwanafunzi hudhani programu imekwama, kumbe inafanya kazi na maneno yake yako njiani.

Tano, ni suala la saa, na hapa wasemaji wa Kiswahili wana mtego wao wenyewe. Saa tatu asubuhi huandikwa 9 katika saa ya kompyuta, wala si 3. Aidha, seva nyingi huwekwa katika saa ya ulimwengu, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Kwa mashine hiyo saa tatu asubuhi ni 6. Mwanafunzi akiandika 9 katika mashine ya namna hiyo, mvua itapimwa saa sita mchana. Akiandika 3, itapimwa saa kumi na mbili asubuhi. Katika hali zote mbili hakuna kosa litakaloripotiwa, na namba zitajazwa katika faili kila siku, ila zitakuwa namba za uwongo. Juu ya hayo, kompyuta nyingi ndogo hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika na kurudi, mashine huendelea na saa ya zamani mpaka itakapopata saa sahihi kutoka mtandaoni, na huduma ikianza kabla ya mtandao kuwa tayari itaandika tarehe isiyo ya kweli.

Sita, wapo wanaoiandika skripti kwa namna ya kuanzisha kazi kisha yenyewe kujiondoa. Mezani hila hiyo hufaa. Msimamizi, akiona mkuu wa huduma ameondoka, huhesabu kwamba kazi imekwisha, na huwafukuza waliobaki.

Kutafuta hitilafu ni sayansi

Orodha hiyo isikaririwe. Mtihani ukiuliza "Taja sababu sita za huduma kushindwa", wanafunzi watazitaja zote na bado hawataweza kuiamsha hata huduma moja. Kinachotakiwa ni mwenendo, na mwenendo wenyewe ndio ule ule wa maabara ya kemia au ya bayolojia: kutazama, kukisia sababu, kubadili jambo moja tu, na kutazama tena.

Kutazama huanza kwa kumwuliza msimamizi. Amri ya systemctl status hueleza kama huduma i hai, ilianza lini na iliondoka kwa namba gani. Namba hiyo ya kuondokea ni ushahidi. Sifuri ni salama. 127 ni kwamba amri iliyotajwa haikuonekana. Basi mtafutaji akague ile orodha ya mahali pa kutafutia. 126 ni kwamba imeonekana lakini haikuweza kuendeshwa. 137 ni kwamba iliuawa kwa nguvu, na mara nyingi muuaji ni mfumo wenyewe baada ya kuishiwa kumbukumbu. 203 hutolewa na systemd pale anaposhindwa hata kuianzisha, aghalabu kwa sababu skripti haina ruhusa ya kuendeshwa au mstari wake wa kwanza hautaji lugha yake. Baada ya hapo amri ya journalctl husomesha daftari la matukio ya huduma hiyo, mstari kwa mstari, pamoja na saa zake.

Kukisia nako kuna kanuni. Asiyejua hujaribu skripti mezani tena, huiona inafaulu, na hukata tamaa. Anayejua huijaribu katika hali ile ile ya huduma: kwa jina lile lile, katika jalada lile lile, na kwa mazingira matupu. Hapo hitilafu iliyojificha hujitokeza mbele ya macho. Skripti ya bash yaweza pia kuamriwa kwa set -x itangaze kila hatua kabla ya kuitenda, na hatua ya mwisho kutangazwa ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Kosa baya kuliko yote katika kazi hii ni kubadili mambo matano kwa pamoja. Huduma ikiamka, hakuna ajuaye ni lipi lililoiamsha. Na kosa linalofuatia ni kumwamuru msimamizi aiamshe huduma kila ianguakapo, kisha kusahau. Amri hiyo ina manufaa yake, lakini huduma yenye ugonjwa wa kudumu itaanguka na kuinuliwa bila kikomo. Ndiyo maana systemd, asipoambiwa vingine, huacha kuiinua ikianza mara 5 ndani ya sekunde 10. Huko kuacha ni taarifa, na ni lazima isomwe.

Kimya kingi

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu wa nchi nyingi, iliusikia mshindo huo. Mhandisi wake, usiku na akiwa amechoka, alikusudia kufuta data katika mashine ya akiba, akaifuta katika mashine kuu. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili, lakini kati ya gigabaiti 300 zilibaki 4.5 tu.

Kosa la mkono kama hilo humpata mtu yeyote, na kwa ajili hiyo nakala hutengenezwa. Wahandisi walipokimbilia mahali pa nakala za kila siku hawakukuta kitu. Skripti ya kutengeneza nakala ilikuwa ikiamshwa na cron kila siku, na kila siku ilishindwa, kwa kuwa ilitumia chombo cha toleo la 9.2 kunakili hifadhidata ya toleo la 9.6. Cron nayo haikunyamaza. Ilituma barua ya malalamiko kila mara. Lakini barua hizo hazikuwa na uthibitisho uliotakiwa na mtambo wa kupokea barua, basi zikakataliwa mlangoni. Mtumishi alishindwa, akapiga kelele, na hakuna aliyesikia. Kilichoiokoa kampuni ni nakala nyingine iliyotengenezwa kwa mkono saa 6 kabla ya ajali, kwa shughuli tofauti kabisa. Hata hivyo kazi ya saa 6 ilipotea: ilihusu miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na watumiaji wapya kama 700. Yastahili kusemwa kwamba GitLab ilieleza yote hayo hadharani, na kwa uungwana huo imewafundisha wengi.

Somo la kisa hiki si kwamba matoleo yalinganishwe, ingawa hilo nalo ni kweli. Somo ni kwamba kutokuwapo kwa malalamiko si ushahidi wa uzima. Huduma ya nakala haithibitishwi kwa kusoma kwamba iliamshwa. Huthibitishwa kwa kuichukua nakala yenyewe, kuirejesha katika mashine nyingine, na kuona kama data imo.

Mlango wa mafundi

Kisa cha pili kina upande wake. Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia katika intaneti programu yenye kujienezea yenyewe. Njia mojawapo iliyopitia ni huduma ya barua iitwayo sendmail. Mafundi walikuwa wameiwekea huduma hiyo amri ya kutafutia hitilafu, ambayo ilimwezesha mtu wa mbali kuiamuru mashine iendeshe maagizo yake. Katika mashine nyingi amri hiyo iliachwa wazi kazi ya ufundi ilipokwisha. Njia nyingine ilikuwa huduma ya fingerd, iliyopokea maneno bila kupima urefu wake. Kwa makadirio ya wakati ule, mashine kama 6,000 kati ya 60,000 zilizokuwa katika intaneti zilivamiwa, nyingi zikalemewa na nakala za programu hiyo hata zikashindwa kufanya kazi nyingine. Morris alitiwa hatiani mwaka 1990, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3, saa 400 za kazi ya jamii, na faini ya dola 10,050.

Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe mambo mawili kwa pamoja. Huduma isiyo na njia ya kuchunguzwa ni hatari, na huduma ambayo mlango wake wa uchunguzi umeachwa wazi ni hatari vilevile. Fundi huvua paa ili aone ndani, na kazi yake haijaisha mpaka amelirudisha.

Pingamizi na majibu

Wako watakaosema kwamba shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, hazina umeme wa uhakika, wala intaneti. Ni kweli, na haifai kupuuzwa. Lakini somo hili, tofauti na mengine ya kompyuta, halihitaji mashine moja kwa kila mwanafunzi. Lahitaji mashine moja kwa darasa zima, hata iwe kuukuu, maana kazi yake ni kuachwa ifanye kazi peke yake. Mfumo wa Linux hautozwi ada. Intaneti haihitajiki ukishawekwa. Na umeme unaokatika, ambao ni adha kwa masomo mengine, hapa ni mwalimu msaidizi: hakuna kipimo bora cha huduma kuliko kuona kama itasimama yenyewe umeme ukirudi, na kama daftari lake limenusurika. Katika mifumo mingine daftari hilo hutunzwa katika kumbukumbu ya muda tu na hufutika mashine izimikapo, jambo ambalo darasa litaligundua kwa macho yake.

Wengine watasema kwamba kazi hizi siku hizi hufanywa na makampuni makubwa ya ng'ambo yanayokodisha seva, hivyo Mtanzania hana haja ya kuzijua. Hoja hii ndiyo ya kuogopwa zaidi. Anayekodisha mashine hakodishi ujuzi. Huduma ikishindwa, mwenye seva atasema seva yake ni nzima, na atakuwa amesema kweli. Skripti iliyoanguka ni ya mteja. Tanzania inayo kumbukumbu ya gharama ya kumiliki mashine bila kumiliki ujuzi wake. Mwaka 1974, baada ya mradi wa kuweka hesabu za Serikali katika kompyuta kuleta hasara, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Marufuku hayo yalikwisha zamani, na leo kuna kompyuta katika kila wilaya. Lakini swali lililokuwa nyuma yake halijazeeka: mashine ikikosea, nani nchini atakayeweza kusema imekosea wapi?

Wapo pia watakaolalamikia lugha, kwa kuwa maneno ya daftari la kompyuta huandikwa kwa Kiingereza. Lakini mwanafunzi ndiye mwandishi wa skripti yake, na hakuna sheria imkatazayo kuandika "Nimeshindwa kusoma kipimamvua; kebo haijibu". Kiswahili kina hata neno lake la zamani kwa jambo hili. Mabaharia wa pwani huita batli lile daftari ambamo nahodha huandika mwendo wa chombo, upepo na yaliyotokea safarini. Huduma ya kompyuta nayo ni chombo kilichoondoka bandarini. Wenyewe wako nchi kavu, nao watajua yaliyotokea kwa kusoma batli. Neno hilo lastahili kufufuliwa kwa kazi hii.

Lifanyike nini

Mambo matatu yanawezekana bila kungoja muhtasari mpya. La kwanza ni mradi wa muhula. Kila darasa la kompyuta liwe na huduma moja ndogo ya kweli ifanyayo kazi muhula mzima, ikipima joto la chumba, mvua, au saa za kukatika kwa umeme. Shule zina desturi ya mwalimu wa zamu kuandika ripoti ya siku. Vivyo hivyo pawe na mwanafunzi wa zamu atakayesoma batli ya huduma kila asubuhi na kuandika katika daftari la karatasi alichokiona. Mwisho wa muhula, madaftari mawili hayo yalinganishwe. Palipo na tofauti ndipo penye mafunzo.

La pili ni namna ya kutoa alama. Programu isihukumiwe kwa jawabu lake pekee. Mwalimu achomoe kebo, alifiche faili, aijaze diski, kisha aisome batli. Programu iliyoshindwa lakini ikaeleza kwa ufasaha imeshindwa nini na saa ngapi ipewe alama kuliko ile iliyoendelea kuandika sifuri kana kwamba mvua haikunyesha.

La tatu ni mtihani wa vitendo ambamo mwanafunzi hapewi programu ya kuandika, bali hupewa huduma iliyoharibiwa kwa makusudi, pamoja na dakika 40. Asiulizwe tu kama ameiamsha. Aandike alichokiona, alichokikisia, alichokibadili na kilichofuata, kwa utaratibu ule ule wa ripoti ya maabara. Aliyefuata njia sahihi na muda ukamwishia njiani apate alama nzuri, kupita yule aliyebahatisha.

Walimu wa sekondari wana nafasi ambayo vyuo vikuu havina. Kijana afikapo chuoni amekwisha kuzoea kuamini kile kioo kinachomwonyesha, na mazoea hayo ni magumu kuvunja. Katika kidato cha pili au cha tatu mazoea bado hayajashika. Mashine moja ya zamani, iliyowekwa kwenye kabati la maabara na kuachwa na kazi yake, yatosha kuanzia. Mwalimu aliye tayari aanze na kipimo kimoja, huduma moja na daftari moja la zamu, na muhula ujao wenzake watauliza namba hizo alizipataje.